Saa Kumi na Mbili Kasoro Dakika Kumi: Mtakatifu Theresia na Furaha Ndogo Ndogo



Picha yake unaijua hata kama jina limekutoka. Ni yule mtawa kijana mwenye joho jeupe na shela nyeusi, ameshika msalaba na mawaridi kifuani, anatabasamu kidogo tu, kama mtu anayejua jambo ambalo bado hajakuambia. Parokiani kwetu yupo ukutani ofisini kwa katekista, pembeni ya kalenda. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Sikukuu yake ni tarehe 1 Oktoba, na mwaka huu nimeona nisiiache ipite hivi hivi.

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka mingi sikumpenda. Nilimwona ni mtakatifu wa maua maua, wa wasichana wapole wasiopaza sauti, na mimi wanaonijua wanajua si mpole. Watakatifu wangu walikuwa Mashahidi wa Uganda. Pale Namugongo watu walichomwa moto, hakuna cha kubabaisha. Sasa huyu Mfaransa aliyejifungia monasterini akafa na miaka 24, amefanya nini hasa?

Halafu bibi yangu akapata kiharusi.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya uhasibu, na kwa miaka miwili nilizunguka Mwanza mjini na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika pembe zote nne. Bibi ndiye aliyenilea. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukafunga. Ndugu wakakaa kikao, kila mmoja akataja kazi yake, watoto wake, mkopo wake. Mwisho wote wakanitazama mimi. Nikavuka ziwa na begi moja, nikarudi kijijini upande wa Sengerema.

Siwezi kukudanganya kwamba nilikwenda kwa moyo mweupe. Nilimpenda bibi, lakini niliona maisha yangu yamefungwa kama duka la marehemu. Nikaanza kumwekea Mungu masharti: kama ananipenda, anionyeshe. Na namna ya kunionyesha nilishampangia, yaani simu ya kuitwa kwenye usaili. Simu haikuja. Nikapunguza kusali, kisha Jumapili nazo zikaanza kunipita, na kisingizio nilikuwa nacho kizuri kabisa, nauguza.

Sista mmoja mzee aliyekuwa akimletea bibi Komunyo ndiye aliyeniachia kitabu cha maisha ya Theresia, kimetoka jalada, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kilikaa juu ya kabati wiki tatu. Siku nilipokifungua nilikifungua katikati, nikakuta habari ya mtawa mzee mgonjwa na msichana aliyepewa kazi ya kumkongoja kwenda kula. Nikasoma nimesimama. Habari hiyo nitakusimulia, ila nivumilie kwanza, maana bila kujua alikotoka Theresia utaiona ni hadithi ndogo tu.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na biashara yake ya lesi, ile ya kufumwa kwa mkono nyuzi moja moja, iliyoupa mji huo jina. (Baba wa saa na mama wa nyuzi: watu waliozoea kutazama vitu vidogo kwa makini. Mimi naona hilo halikuwa bure.) Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa bado wadogo. Wakabaki wasichana watano, na Theresia ndiye kitindamimba. Mwenyewe nusura afe akiwa mchanga, ikabidi apelekwe shamba kwa mama mmoja mkulima aliyemnyonyesha karibu mwaka mzima, akarudi kwao ana afya na mashavu.

Zélie aliugua saratani ya matiti, akafariki tarehe 28 Agosti 1877. Theresia alikuwa na miaka minne na miezi saba. Mtoto aliyekuwa mchangamfu, mwenye kiburi kidogo na kelele nyingi, akageuka ghafla kuwa mtoto wa kulia. Ukimtazama tu, analia. Baba akahamisha familia kwenda Lisieux, karibu na mjomba wao mwenye duka la dawa, na Theresia akamchagua dada yake Pauline awe mama yake wa pili.

Hapa ndipo zinapoanza zile furaha ndogo. Kila alasiri baba alimtoa matembezi, wakapitia kanisa moja wakasalimu Ekaristi, kisha wakarudi nyumbani. Siku nyingine baba alikwenda kuvua samaki mtoni, na yeye akakaa kwenye majani kati ya maua, kimya, hajui kama huko ndiko kusali. Pauline alimfungashia mkate wa jemu. Na hapa Theresia ana ukweli ambao ulinishangaza: ukifika wakati wa kula, jemu imeshanywewa na mkate, rangi imepauka, na ule uzuri wa asubuhi haupo tena. Mtoto yule alihuzunika, akawaza kwamba duniani hata furaha tamu ina wingu lake. Lakini kesho yake aliuchukua tena mkate wake wa jemu akaenda mtoni.

Kuna jioni moja walikuwa wakirudi nyumbani na baba. Akatazama juu, akaona nyota zimejipanga kama herufi T. Akamwonyesha baba kwamba jina lake limeandikwa mbinguni. Kisha hakutaka tena kutazama dunia: akamwomba baba amshike mkono amwongoze, yeye akatembea kichwa juu anahesabu nyota, hatazami anakokanyaga. Kijana mwenzangu, sijui wewe, lakini mimi tangu kiharusi cha bibi nilikuwa natembea natazama miguu yangu tu.

Shuleni hakufurahi. Alianza kwa watawa Wabenediktini akiwa na miaka minane na nusu, akawa anaongoza darasani na kuonewa na wakubwa. Mwaka 1882 Pauline akaingia monasteri ya Karmeli palepale Lisieux, na kwa Theresia ilikuwa kufiwa na mama mara ya pili. Akaugua ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa, akaweweseka wiki kadhaa, mpaka Jumapili ya Pentekoste, tarehe 13 Mei 1883, dada zake wakisali mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaona Mama anamtabasamia. Akapona. Wengi hapo ndipo wanaposimama na kushangilia muujiza. Mimi napita haraka, kwa sababu muujiza ule haukumponya kulia kwake. Aliendelea kulia kwa kila jambo, na akishalia, alilia tena kwa sababu amelia.

Kilichomponya kulia kilikuja Noeli ya 1886, na ukikisikia utacheka. Alikuwa karibu kutimiza miaka 14. Kwao watoto waliweka viatu kwenye meko, na wazazi walitia zawadi humo usiku wa Noeli. Theresia, binti mkubwa sasa, bado aliwekewa. Waliporudi Misa ya usiku wa manane, baba alikuwa amechoka. Akaviona vile viatu, akasema kwa kuudhika kidogo kwamba afadhali huu ndio mwaka wa mwisho wa mambo haya. Theresia alikuwa anapanda ngazi, akasikia. Dada yake Céline akamwona macho yamejaa, akamsihi asishuke kwanza, maana alijua mafuriko yanayokuja.

Theresia akameza machozi. Akashuka ngazi, moyo unamdunda, akachukua viatu vyake, akatoa zawadi moja moja mbele ya baba kwa furaha ya kweli, mpaka baba akasahau uchovu akaanza kucheka. Basi. Ndiyo hayo tu. Hakuna malaika, hakuna mwanga. Lakini yeye mwenyewe aliiita siku ile siku ya kuongoka kwake, na alisema kazi aliyoshindwa miaka kumi, Yesu aliifanya kwa dakika moja pale ngazini. Tangu hapo alianza kusahau nafsi yake ili awafurahishe wengine, akawa na furaha.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Kwa hiyo Mungu alipomjia hakumletea jambo kubwa, alimletea viatu na baba aliyechoka. Mimi nilikuwa nasubiri simu.

Mambo yaliyofuata unaweza kuyasoma mwenyewe, ni matamu. Pentekoste ya 1887 alimwomba baba bustanini ruhusa ya kuingia Karmeli. Baba, ambaye binti wawili walikuwa wameshaingia huko, akalia naye, kisha akachuma ua dogo jeupe lililoota ukutani, likang'oka na mizizi yake, akampa. Alilitunza. Wakubwa wa Kanisa wakasema bado mdogo, akaenda Roma na hija, na tarehe 20 Novemba 1887 akapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII na kumwomba papo hapo, ingawa walikatazwa kuongea. Walinzi wakamnyanyua wakamtoa analia. Nikasema ah, kumbe huyu si mpole hivyo! Tarehe 9 Aprili 1888 aliingia Karmeli. Miaka 15.

Lakini theluji siwezi kuipita. Alipenda theluji tangu utoto, na siku ya kuvikwa vazi la kitawa, tarehe 10 Januari 1889, alitamani dunia ivae nyeupe kama yeye. Hali ya hewa haikuonyesha dalili, hapakuwa na baridi ya kutosha. Baba yake alikuja, akamshika mkono kumpeleka altareni. Ibada ilipokwisha, alirudi ndani ya monasteri, akatazama uani: kweupe kote. Aliona ni Bwana arusi wake amemtimizia kiu ya kitoto, na hakuona haya kufurahia.

Sasa tazama kalenda. Mwezi uliofuata, baba yule yule akili zilimruka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu. Mjini watu walinong'ona kwamba ni binti yake mdogo aliyemtia wazimu kwa kumwacha. Theresia alikuwa nyuma ya kuta, hawezi kumuuguza, hawezi hata kwenda kumwona. Mimi ninayelalamika kwamba nimefungwa na kuuguza, nilisoma habari ya mtu aliyefungwa asiuguze. Theluji haikuzuia msiba. Lakini ilikuwa imeanguka, na hakuna aliyeweza kumwambia haikuanguka.

Sasa tuje kwenye ile habari niliyoifungulia kitabu.

Alikuwa bado mnovisi. Palikuwa na mtawa mzee, Sista Saint-Pierre, mgonjwa, miguu haimbebi. Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mtu mmoja alipaswa kuacha sala ya kimya na kumpeleka chumba cha kulia. Hakuna aliyeigombania kazi ile, maana Sista Saint-Pierre haridhiki. Theresia alijitolea, na hakuficha kwamba ilimgharimu. Mzee alitikisa saa yake ya mchanga kumwashiria, maana yake tuondoke. Kulikuwa na utaratibu: benchi lisogezwe hivi, lisisogezwe vile, na bila haraka. Kisha amfuate nyuma amemshika mshipi. Akijikwaa kidogo, lawama: unakwenda mbio, nitavunjika. Akienda taratibu, lawama: mbona sisikii mkono wako, umeniachia, naanguka, nilisema tangu mwanzo wewe ni mtoto huniwezi. Wakifika, amkalishe kwa namna yake, amkunjie mikono ya joho kwa namna yake. Ndipo awe huru kuondoka.

Wote tuliouguza wazee hapo tumecheka. Bibi yangu hawezi kuongea, lakini anajua kulaumu kwa macho.

Theresia akagundua kwamba vidole vya Sista Saint-Pierre vimelemaa na anapata shida kukata mkate. Hakuna aliyemwambia amkatie. Akawa anamkatia kabla ya kuondoka, kisha anampa tabasamu lake zuri kuliko yote. Baadaye alisikia kwamba kilichomteka yule mzee ni hilo tabasamu zaidi ya mkate wenyewe.

Jioni moja ya baridi kali, giza limeingia, wako njiani, akasikia muziki mbali, nje ya kuta. Akaona kwa mawazo ukumbi unaong'aa taa na dhahabu, wasichana wa umri wake wamevaa vizuri wanapeana sifa. Kisha akamtazama mgonjwa aliyemshikilia. Badala ya muziki, kukoroma na kulalamika. Badala ya dhahabu, matofali ya korido, na taa hafifu. Anasema hawezi kueleza kilichompata moyoni. Ila furaha iliyomjaa ilikuwa kubwa kiasi kwamba dakika zile kumi asingezibadilisha na karamu za dunia za miaka elfu.

Kijana mwenzangu, ningekuwa nimesikia habari hii mahubirini ningesema sawa, watakatifu bwana, wao wameumbwa hivyo. Lakini kitabu kilinieleza ni lini aliiandika, na hapo ndipo nilipokaa chini.

Rudi nyuma kidogo. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, tarehe 3 Aprili, Theresia alikuwa amezima taa alale, kitu kikapanda kifuani mpaka mdomoni. Akawaza huenda ni damu. Lakini taa alishaizima, akajizuia kuiwasha, akasubiri asubuhi. Ilikuwa damu. Kifua kikuu, na wakati ule dawa hapakuwa. Alifurahi akidhani Bwana anamwita. Siku chache tu baadaye, kwenye siku zile za Pasaka, giza likamwingia rohoni. Mbingu aliyoiona tangu utoto, ile ya nyota za herufi T, ikazibwa na ukungu mzito. Akijaribu kuiwaza, ni kama sauti zinamdhihaki kwamba hakuna kitu, mbele ni usiku mtupu. Hali hiyo ilikaa naye mwaka mmoja na nusu, mpaka kufa. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaibeba kifuani, kwa sababu kuihisi ilishindikana. Watawa wenzake wengi hawakujua. Walimwona anawachekesha wakati wa mapumziko, wakadhani yeye anatembea na mbingu mkononi.

Habari ya Sista Saint-Pierre aliiandika ndani ya giza hilo, mwanzoni mwa kiangazi cha 1897, mkuu wake alipomwagiza aendelee kuandika. Anakohoa, ana homa, amekaa bustanini kwenye kiti cha magurudumu, kiti alichokitumia baba yake alipokuwa mgonjwa. Mwisho nguvu za kushika kalamu ya wino zilimwisha, akamalizia kwa penseli.

Kwa hiyo yule anayesema furaha ya korido ilikuwa kubwa kuliko karamu za miaka elfu, hasemi hivyo akiwa na moyo mwepesi. Hahisi kitu. Anaikumbuka furaha ndogo ya miaka iliyopita kama mtu anayepapasa gizani akagusa kiti, akajua kumbe bado yumo nyumbani mwake. Sikuwahi kufikiri hivyo. Nilidhani furaha ndogo ni kifuta machozi cha waliokosa kubwa. Kwa Theresia zilikuwa ushahidi, na aliutumia wakati ushahidi mwingine wote umefichwa.

Mwezi huo huo wa Juni, tarehe 7, alikuwa anatembea bustanini na Pauline. Akaona kuku mweupe chini ya mti, amewafunika vifaranga kwa mabawa. Akasimama, kisha akaanza kulia, ikabidi waondoke. Baadaye alieleza kwamba alimkumbuka Yesu katika Injili akijifananisha na kuku na vifaranga vyake, na akaona kwamba maisha yake yote Mungu alikuwa amemfunika hivyo hivyo. Mtu asiyeiona mbingu, akamwona kuku! Sisi kuku tunawaona kila siku, tunawafukuza wasinyee sebuleni.

Nisikuchoshe na mengine. Mtawa aliyemrushia maji machafu usoni wakati wa kufua, naye akabaki palepale kama anayenyunyiziwa maji ya baraka. Mtawa aliyekuwa akipiga kelele ndogo ya kukera nyuma yake wakati wa sala, naye akaacha kupambana na kelele ile, akaisikiliza kama muziki na kumtolea Yesu. Kusinzia kwake wakati wa kusali, jambo ambalo hakulihangaikia sana, kwa sababu wazazi humpenda mtoto aliyelala sawa na aliye macho. Hiyo mimi naipenda kuliko zote, na siri yangu unaijua wewe unayekaa nami benchi moja kwenye kuabudu.

Hakuwahi kutoka Lisieux tena. Ila alikuwa na kaka wawili wa kiroho aliowaombea na kuwaandikia barua, na mmoja wao, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe, shirika lile lile lililoleta Injili huku kwetu kandokando ya Ziwa. Alifika kufanya umisionari Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Theresia alimfundisha mtu yule mwoga kwa barua asiogope huruma ya Mungu. Kwa hiyo msichana wa korido ana ukoo na bara letu, na tangu 1927 Kanisa limemweka msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyefika mpaka Japani.

Alifariki jioni ya tarehe 30 Septemba 1897, baada ya maumivu makali. Mwaka mmoja baadaye maandishi yake yalichapwa, nakala 2,000. Yakaenea dunia nzima. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Mwaka 2015 wazazi wake nao, fundi saa na mfuma lesi, wakatangazwa watakatifu kwa pamoja.

Kwangu mimi simu ya usaili mpaka leo haijaja. Vyeti vipo kwenye bahasha mpya, sijakata tamaa, natuma maombi kila nikipata bando. Kiharusi cha bibi hakijaondoka. Siku nyingine naamka na ile hasira ya zamani, na Sista mzee anajua, maana namwambia. Lakini Jumapili nimerudi Misa ya kwanza, jirani anamtazama bibi, na nikitoka napita kwa mama mmoja nanunua sato mdogo wa bibi.

Samaki ana miiba, na mkono mmoja wa bibi haufanyi kazi. Mwanzoni nilikuwa namtolea miiba nikitazama simu. Siku moja niliweka simu chini. Nikamnyambulia kipande kipande, nikampangia ukingoni mwa sahani upande wa kushoto anakofikia. Bibi akatazama sahani, akanitazama mimi, na upande mmoja wa mdomo, ule ulio hai, ukapanda juu. Siku ile sikusikia muziki wowote wala sikuona ukumbi wenye dhahabu. Nilisikia jiko la mkaa linapasuka na mbuzi wa jirani wanarudi. Nikaenda nje nikalia, na haikuwa kwa sababu ya uchungu.

Bibi hana saa ya mchanga. Ana kikombe cha bati na kijiko, na akitaka jambo anagonga. Nimeandika haya tangu saa tisa nikiwa barazani, na sasa jua limeshuka kwenye migomba. Amegonga mara mbili. Hiyo ya pili ilikuwa ya lawama. Acha niende nikamkalishe.